Chumba cha Wageni Bila Zulia

Kashan,
6 Farvardin 1374

Mpendwa Dada Mahrokh,

Salamu za mwaka mpya zikukute mzima wewe, shemeji Behzad na mwanangu Taraneh. Je, kile kikohozi chake kimepoa? Sisi hatujambo, na Mama ndiye hajambo kutushinda sote. Anapanda ngazi za darini peke yake, na ukimshika mkono anauchomoa. Unasema huko Melbourne majani yameanza kupukutika. Pole dada yangu, huku kwetu milozi imekwisha chanua.

Sasa nikupe habari ambayo kwenye simu sikuweza kuisema, maana ukipiga tu Baba husimama sikioni pangu. Mama alipopasuliwa moyo kule Tehran, Baba alikwambia bima imelipa. Bima ililipa kidogo tu. Kilichomtoa Mama hospitali ni zulia la Bibi, lile la chumba cha wageni. Baba alilikunja alfajiri akalipeleka sokoni, na tangu siku hiyo chumba kikafungwa na neno zulia likawa mwiko nyumbani. Unaujua mji huu. Hapa hata mlinzi wa makaburi ana zulia.

Nairuzi ya mwaka mpya ikakaribia. Baba ndiye mkubwa wa ukoo, kwa hiyo siku ya kwanza watu wote huanzia kwake, na wa mbele yao ni mdogo wake, Shangazi Touran. Huna haja ya kukumbushwa alivyo: huliona vumbi kabla halijatua. Na zulia lile alilifuma mama yake mzazi. Baba akaona heri afunge mlango. Angebandika karatasi ya kusema tumekwenda ziara Mashhad, halafu tujifungie chumba cha nyuma mpaka wageni wachoke. Usicheke. Alishanunua na sukari ya nabati na zafarani, zawadi za Mashhad za kuwagawia watu "tukirudi", tena dukani hapo nyuma ya msikiti wetu.

Mama hakubishana naye. Aliniita mimi.

"Golnar, fungua kile chumba. Nyumba itatikiswa, isafishwe juu hadi chini, kama kila mwaka. Sikurudishwa na Mungu ili nifichwe chumba cha nyuma."

"Kwa pesa gani, Mama?"

"Kwani machipuko yanauzwa?"

Basi nikafunga kibwebwe. Mapazia niliyafua, nikayatundika ndani nje, kwa kuwa upande wa mbele ulishaliwa na jua. Ukutani nilipaka chokaa niliyoitia nili kidogo, na sasa ukiingia macho yanapumzika. Sakafu niliisugua kwa magadi hadi mikono ikachubuka. Je, unakumbuka kwamba yale matofali ni mekundu? Mimi nilikuwa sijui, tangu nizaliwe yalikuwa yamefunikwa.

Kazi ya sakafuni aliishika Mama mwenyewe. Alitoa shungi zetu zote kuukuu za kuswalia, akazikata, akaziunga pamoja, na ndani akatia sufi ya godoro la zamani niliyoichambua uani. Maua ya huku hayapatani na maua ya kule, lakini ukikaa hutaki kuinuka. Ile yako uliyoshonewa ulipotimiza miaka tisa ya kuanza kuswali, yenye cheri, ameiweka katikati kabisa. Sikumuuliza kwa nini.

Makopo ya samli niliyapaka buluu, nikapanda maua niliyoomba kwa jirani. Mayai tuliyachemsha na maganda ya vitunguu yakawa na rangi ya shaba. Ngano ya kuchipusha kwa meza ya mwaka mpya tu ndiyo iliyoniaibisha. Nilitaka kuiharakisha nikaiweka juu ya hita, ikavunda, na nyumba nzima ikanuka soksi. Mama akaloweka dengu, zikaota kwa adabu zao bila haraka. Wakati wote huo Baba alikuwa akipita mlangoni na kusema, "Mnampambia nani? Sisi tuko Mashhad."

Na kweli, asubuhi ya mwaka mpya alibandika karatasi yake. Tukakaa kimya mbele ya meza iliyopambwa, nguo mpya mwilini, kama wezi waliovaa vizuri. Mara mlango ukagongwa kwa ile pete ndogo ya mlangoni wanayogongea wanawake. Baba akaweka kidole mdomoni. Nje tulisikia karatasi ikisomwa, kisha sauti ya Shangazi ikabadilika.

"Mashhad gani, na mgonjwa hawezi safari? Amezidiwa. Wamempeleka tena hospitali, na kaka yangu amenificha." Akaanza kulia, Dada, palepale barabarani, Shangazi Touran ambaye hata mazikoni hulia kwa kipimo.

Nilimtazama Baba. Alikuwa amefumba macho. Kisha akainuka, akaenda, akafungua.

Shangazi alimwona Mama amesimama, akamkumbatia, akafuta machozi kwa haraka kama mtu anayeona haya. Akavua viatu, akaingia chumba cha wageni. Alitazama kuta, mapazia, makopo ya maua. Halafu akatazama chini.

"Kaka, zulia la Mama liko wapi?"

Nilidhani atasema liko kwa dobi. Nilishamwandalia na uwongo huo akitaka. Lakini Baba alimwelekezea kidole Mama aliyekuwa akimimina chai.

"Nimeliuza, Touran. Nikamnunua huyu."

Shangazi alikaa taratibu juu ya zile shungi, akazipapasa kwa kiganja, kama mfumaji anavyopima kazi ya mwenzake. Kisha akainua uso.

"Basi hukupunjwa, Kaka."

Baba akalia. Mimi na wewe hatujawahi kumwona akilia, nami nimekuandikia ili usikose.

Wageni hawajakatika tangu siku hiyo, na nabati ya Mashhad tunaitia kwenye chai yao.

Shangazi Touran anakusalimu sana, na Mama anakubusu macho yote mawili. Nisalimie shemeji Behzad, na umbusu Taraneh kwa niaba yetu. Mungu awape mwaka wenye afya, na siku moja atukutanishe tukiwa bado sote tumetimia.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda,
Golnar