Koleo Liko Ng'ambo ya Barabara

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Nimewasha jiko la mafuta ya taa saa moja. Moshi mwingi, moto kidogo. Vyombo vya kung'olea meno vimechemka kwa shida. Benchi la nje ya kituo cha afya limejaa mashavu yaliyovimba.

Daktari Meno kafika saa tatu. Ndivyo watu wanavyomwita, na mwenyewe anaitika. Nikasimama mlangoni nikasema kama nilivyoagizwa: wenye meno ya mbele wabaki. Wenye magego warudi nyumbani. Koleo la magego limevunjika, limepelekwa Kigoma kutengenezwa.

Halijavunjika. Liko ng'ambo ya barabara, chumba cha nyuma cha duka la dawa, ambako Daktari huyohuyo anaanza kazi yake binafsi saa nane mchana. Zamani nilikuwa nalibeba mimi kwenye begi, kwenda na kurudi. Tangu mwezi uliopita halirudi. Kaona kulivusha kila siku ni usumbufu.

Kwa hiyo kituoni kwetu meno ya mbele ni ya serikali. Magego ni ya mtu binafsi.

Jumanne, 4 Novemba

Mwalimu mkuu, mtu wa Tanga, kaja asubuhi na gego. Nikamwambia koleo limevunjika. Kaisikitikia nchi kwa maneno marefu. Saa tisa nikamkuta ng'ambo, kakaa kwenye kiti cha kinyozi anachotumia Daktari, kaachama. Nikamfunga kitambaa shingoni. Hakunijua. Nami sikumjua. Watu wenye elimu hawasumbui.

Alhamisi, 6 Novemba

Devota kaja. Jirani yangu. Tunaimba pamoja sauti ya pili kanisani. Wazazi wake walivuka naye kutoka Burundi akiwa kitoto cha kuteka maji kwa kibuyu, sasa ana watoto wanne na shamba la maharage. Gego la chini, kulia. Nimelitazama: shimo jeusi, linanuka.

"Mwakeye, Mama Yusta," kanisalimia kikwao. "Koleo lenu limepona?"

"Bado, Devota."

"Ego, sawa. Basi linaumwa kuliko mimi."

Benchi zima likacheka. Nami nikacheka. Nikamwinamia nikamwambia kwamba ng'ambo anaweza kusaidiwa.

"Ng'ambo kuna bei, dada. Mimi nina mbuzi mmoja, na huyo mmoja ana mimba. Nitangoja la serikali."

Nimempa aspirini nne na ushauri wa kusukutua maji ya chumvi. Naujua ushauri huo. Unamtuliza anayeutoa.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo nimemchunguza Daktari mchana kutwa.

Asubuhi: "Panua! Panua, nimesema!" Anachoma sindano ya ganzi na kung'oa hapohapo, kabla mdomo haujapata habari. Kazi yangu ni kushika mikono ya mgonjwa.

Mchana: "Karibu, mama. Pole sana. Ukisikia maumivu, inua mkono." Anangoja mpaka mdomo ufe kabisa. Redio inapiga rumba. Sishiki mikono ya mtu.

Nilidhani upole ni tabia ya mtu. Kumbe unakaa dukani, kwenye rafu, pamoja na vidonge.

Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi. Mshahara wake unachelewa kama wangu. Ganzi ya asubuhi mara nyingine anainunua mwenyewe. Na anachonipa mchana ndicho kilichomvalisha Yusta sare ya shule, tangu baba yake afariki. Naandika hili nisije nikajifanya malaika.

Jumatatu, 10 Novemba

Jana Devota hakuja kanisani. Sauti ya pili niliiimba peke yangu.

Leo kaja. Uvimbe umeshuka mpaka chini ya kidevu, ngozi inang'aa. Anaongea kama mtu mwenye ugali wa moto mdomoni. Hakunitania. Kasimama mbele yangu, kanitazama tu.

Nikasema: limevunjika.

Daktari kamtazama kutoka mlangoni, mikono kaiweka mfukoni. Kasema apewe penisilini. Penisilini ya kituo imekwisha. Iko ng'ambo.

Kaondoka kwa miguu. Nilimwangalia mpaka kwenye kona. Kisha nikaenda kusugua sinki ambalo lilikuwa safi.

Jumanne, 11 Novemba

Devota hajaja. Nimefurahi kwamba hajaja. Aibu hiyo.

Jioni nimepita kwake. Amekaa kitako kitandani, hawezi kujinyoosha. Mate yanamtoka, anayapangusa kwa kanga. Mume wake, Baba Bukuru, kaniuliza kama tumepata habari yoyote kutoka Kigoma. Nikasema bado. Kanishukuru kwa kuja.

Nimemwambia Baba Bukuru kesho amlete mapema, iwe iwavyo.

Jumatano, 12 Novemba

Ufunguo wa ng'ambo ninao kwa sababu mimi ndiye ninayefagia. Saa kumi na mbili asubuhi nimevuka, nimelichukua koleo, nimelitia kwenye sufuria pamoja na vyombo vingine. Nilitazama nyuma mara mbili kama mwizi. Sijui nilikuwa namwibia nani.

Daktari kafika. Kafunua sufuria. Kanitazama. Sikuinamisha uso. Kamwita Devota wa kwanza.

"Panua, mama."

Asubuhi, na kasema mama.

Mdomo haukupanuka. Kidole kimoja hakikupita katikati ya meno. Kajaribu tena, polepole. Ulimi umesukumwa juu, pumzi inakoroma. Nikaona jasho linamtoka Daktari juu ya mdomo. Koleo lilikuwa mkononi mwake, safi, bado la moto, halina kazi.

"Ana siku ngapi huyu?"

"Kwetu alifika Alhamisi."

"Kwa nini huku..." Akakatisha mwenyewe.

Kaandika barua ya rufaa. Kisha katoka mbio na koti lake jeupe, kasimama katikati ya barabara mpaka lori lililotoka kushusha mahindi kwenye kambi ya wakimbizi likasimama. Dereva kamtukana. Kayapokea matusi yote, kafungua mlango, kampandisha Devota kwa mikono yake.

Nimekwenda naye.

Alhamisi, 13 Novemba. Kasulu

Barabara imekuwa uji. Lori lilikwama mara mbili, tumefika alfajiri ya leo. Devota alikaa kati yangu na dereva, kichwa amekileta mbele, hawezi kuegemea. Akivuta pumzi, nami navuta. Akikawia, nakawia. Baba Bukuru alikuwa nyuma juu ya magunia matupu, anasali kwa Kiha kwa sauti ya kugombana.

Hospitali ya misheni walimpokea bila maswali. Wamemchana chini ya kidevu. Usaha ulijaza bakuli, wakaleta la pili. Nimeshika mabakuli ya damu miaka kumi na mmoja. Leo nimetoka nje nikatapika.

Daktari wa pale, mama mmoja mtu mzima, kanifuata nje.

"Ungemleta kesho, ungeleta maiti. Jino tu hili. Dakika tano. Huko kwenu hamna koleo?"

"Lipo."

Kasubiri niendelee. Kanawa mikono, karudi ndani.

Jumamosi, 15 Novemba. Kasulu

Anapumua mwenyewe. Jana walimpa dawa ya usingizi wakaling'oa gego. Wakampa Baba Bukuru jino lenyewe kwenye kipande cha pamba. Kalitumbukiza chooni.

Mdomo unafunguka upana wa kijiko cha chai. Wanasema huenda utaendelea, huenda utaishia hapo. Kuimba hawakutaja. Nami sikuuliza.

Mbuzi ameuzwa pamoja na mimba yake.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimerudi kazini. Koleo lilishavuka barabara siku ileile niliyosafiri. Daktari kaniuliza hali ya mgonjwa, nikamwambia. Kasema, "Mungu mkubwa." Saa nane akaniita nibebe begi.

Nimelibeba.

Jumapili, 30 Novemba

Devota amerudi juzi. Leo Baba Bukuru kasimama kanisani kutoa shukrani. "Bila Mama Yusta, leo tungekuwa matangani." Vigelegele. Nimepewa mkono na watu ambao huwa hawanisalimii. Nilikaa kama niliyekalia makaa.

Mchana nikaenda kwake. Alikuwa anakunywa uji wa mtama kwa mrija. Kovu limekaa chini ya kidevu kama mdomo mwingine, huo umefungwa vizuri. Nikasema yote. Koleo, begi, ufunguo, maneno niliyoagizwa kusema. Nilisema upesi ili nisije nikaacha.

Akaweka bakuli chini.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mama Yusta, watu wanatoka ng'ambo wameshika magego yao kwenye karatasi. Yanang'olewa na nini, uma?"

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mwanzo. Benchi zima linajua. Tulikuwa tunakuonea huruma, unavyosema uongo vibaya."

Anaongea kwa meno yaliyobanana, kwa hiyo kila neno linatoka taratibu, limepimwa. Na mimi siku zote nimejiona mjanja. Mimi ndiye ninayewaona wengine, wao hawanioni.

Nikamwuliza kwa nini basi hakuniumbua siku ile, mbele ya watu.

Kuku waliingia, wakatoka.

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Siku ile niliyokuja nimevimba, njiani kote nilijiambia, hivi nilivyo, akiniona tu, atasema."

Hakuwa na hasira. Ningeipokea hasira. Nikaanza kusema nisamehe, akainua mkono, kama wale wa kiti cha kinyozi.

"Sasa nenda, dada. Kuongea kunaniuma."

Jumatatu, 1 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Watu wamekuja hata hivyo.

Ufunguo wa ng'ambo nimeuweka juu ya meza ya Daktari, sivuki tena. Nimesimama mlangoni nikasema: koleo la magego ni zima, liko dukani, Daktari akifika tumwombe alilete. Hakuna aliyeshangaa. Mzee mmoja mwenye shavu lililofungwa kitambaa kasema, "Haya, mama," akasogea kidogo.

Nimekaa nao. Naandika hapahapa, daftari juu ya magoti. Daktari bado hajafika.