Koko, Ulizaa Batoto Bane

Koko,

Ni mimi, Dieume, mujukuu yako. Unajua nilifika mu darasa ya ine ya primaire tu, basi usicheke maandiko yangu. Tonton Gaston, mutoto yako mukubwa, alinikataza kuandika. Njo maana naandika.

Ku matanga yako alishika mikro, akasoma maisha yako. Karatasi moja, hata haikujaa. Ulizaliwa, uliolewa, ulizaa batoto batatu, Mungu amekuita. Batatu, Koko. Mimi nilikuwa nyuma kule napanga viti, nikasikia, kiti ikabaki mu mikono. Na Safi, mutoto yako?

Wakati tulikuwa tunafunga kwanga, ule mukate ya muhogo, mu majani, ulikuwa unaniambiaka. Vita iliingia mu muji, mukakimbia na miguu, barabara ya Banalia. Tonton Gaston angali mutoto, anaomba muhogo ku milango ya batu. Tantine Béa, mudogo yake, amebeba Safi ku mugongo, na Safi iko na homa, na mama yangu angali mu tumbo yako. Kiisha ulikuwa unasema: "Tulimuzika pembeni ya njia, udongo ilikuwa laini." Unakaza kamba. "Funga muzuri, Dieume, kwanga ikilegea inaoza."

Nyuma ya mazishi nikamuuliza tonton juu ya nini alimuruka Safi. Akasema: "Mambo ya njala haiandikwi. Unataka batoto yangu bajue tuliomba chakula? Na wewe, hata barua ya kuomba kazi unaandikishaka ku bengine." Batu bakacheka. Mimi nikaangalia chini. Unanijua, mutu akinisalimia tu, naangalia miguu yangu.

Lakini nikaenda Mangobo, kwa tantine Béa. Nikatoa kaye, daftari yangu, nikamwambia: tantine, andika humu hata mustari moja juu ya Safi. "Niache, Dieume, pondu, majani ya muhogo, iko ku moto." Nikakaa. Kuongea sijui, lakini kukaa najua, ulikuwa unasema nakaa sawa jiwe. Akakoroga ile pondu mpaka ikaanza kunuka moshi. Alafu akasema, amenipa mugongo:

"Andika: ni mimi nilikuwa namubeba. Nilimuimbia njia yote. Na alikuwa amekufa zamani, na hakuna mutu aliniambia."

Koko, ulijua? Ulimuacha tantine aimbe ili asianguke mu njia, ao na wewe ulikuwa hujajua?

Ona sasa. Nitamuuliza nani? Tulifunga kwanga miaka yote, na hiyo moja sikukuuliza. Umeenda nayo.

Nikaanza kuandika, herufi moja moja. Tantine akageuka, akaninyanganya biki. "Leta. Unachelewa. Ya kwangu nitaandika mwenyewe." Akaandika mpaka pondu ikaungua kabisa, na tukaila vile.

Tangu pale nazunguka. Kwa batoto ya ndugu yako kule Isangi nilifika na pirogi, mu mto. Nabaambia: andikeni yenye munakumbuka, wakati mungali na mudomo. Kama mutu hana masomo, aongee polepole, nitaandika. Bengine banafunga mulango. Nakaa inje. Kukaa najua.

Tonton amesikia, amenipigia simu. Kama nitaleta ile kaye kwake, ataichoma. Mimi, Koko, mutu hajajibu mukubwa hata siku moja, nikamujibu: "Choma, tonton. Tantine iko na ingine, yote iko ndani." Nikasikia tu anapumua. Sikusema pole. Simu ikakatika.

Haya. Usisikie aibu juu yetu, Koko. Njala haikuwa kosa yako. Bale batu ya barabara ya Banalia balikupa muhogo, na mimi niko hapa juu ya ile muhogo. Nani atanikataza kusema?

Lala sasa, mama ya batoto bane. Nakuahidi: mwaka ikiisha, siku ya kumaliza matanga, nitasimama mbele ya familia yote nitasoma. Sauti itapotea, nitaitafuta, nitaendelea. Na tonton akiona nimekosa, aandike ya kwake pembeni ya yangu. Nimemuachia ukurasa muzima.

Dieume, ule ya kukaa sawa jiwe