Perege wa Mtungi wa Pili

Jumatatu, 9 Oktoba 1911
Nimechota maji kabla jua halijachoma. Mto Pangani umeanza kuwa mwekundu, mvua za vuli zinanyesha huko juu. Nimemimina mtungini kama kawaida, nikamwamkia Mzee.

Mzee ni kambale. Mama mkwe wangu alimleta kutoka Kang'ata ndani ya kibuyu, alipokuja kunitunza uzazi. Kwao Handeni maji ni ya shida, na kila kisima kina kambale wake. Kambale akielea, hakuna anayekunywa. Hapa kwetu, chini ya Korogwe, maji ya mto yanamiminwa kwa Mzee kwanza. Akitulia, ndipo tunajaza mtungi wa kunywa, na Mama anaufukiza ubani. Nilipoolewa misheni walinifundisha kuchemsha maji, hawakunifundisha kumpa samaki shikamoo. Lakini Mama kasema, basi nampa. Anapanda na sharubu zake, anavuta hewa juu ya maji, anarudi chini. Mkubwa kaitikia.

Raheli anacheka kila akimwona. Nilizika wawili kabla yake. Huyu namshukuru Mungu kwa ajili yake kila asubuhi, hata siku akinitapikia.

Jumamosi, 14 Oktoba
Raheli anaharisha. Mama anasema ni meno. Jirani anasema ni meno. Kila kitu ni meno.

Mume wangu, Danieli, amerudi amechoka. Kazi yake ni kuanika singa za mkonge kwenye shamba la Mzungu huko juu ya mto. Anasema umechimbwa mfereji mpya. Makapi yanayotoka kwenye korona, ile mashine ya kuparua mkonge, yalikuwa yananuka karibu na nyumba ya Bwana. Sasa yanasombwa na maji hadi mtoni. Nilisikia, nikaendelea kusonga ugali.

Jumanne, 17 Oktoba
Nachemsha maji yote ya Raheli. Mama amenuna kidogo, kisha ameleta kuni mwenyewe. Tumbo halitulii. Mtoto wa jirani naye vilevile. Mimi mwenyewe nakatwa na tumbo.

Mama amemwangalia Mzee mara nyingi leo. Mzee mzima, mnene, hana habari. Basi si maji, kasema Mama. Na mimi nikaona si maji.

Jumapili, 22 Oktoba
Nimetoka kusali nikagombana. Mzee Mhina anayetega madema mtoni aliniletea perege mmoja. Nikafunua mashavu yake. Kahawia, yana utelezi. Nikamwambia ananiuzia samaki wa juzi. Akamweka chini, samaki akaruka mpaka kwenye majivu.

"Mama Raheli, wa juzi anaruka hivi?"

Nikaona haya. Anasema wote wako hivyo tangu mfereji ufunguliwe. Perege wanapanda juu wanatweta, anawaokota kwa mkono. Madema yanaingia kambale watupu.

Raheli amelala mchana kutwa. Sipendi usingizi huu.

Jumatatu, 23 Oktoba
Nimefua nguo za mtoto na kichwa kikawa kinazunguka. Kambale ndiye anayebaki mtoni. Kambale anavuta hewa juu. Namwona kila asubuhi akifanya hivyo, nami namwamkia kama mjinga! Visima vya Kang'ata vikikauka, kambale anakaa kwenye tope na bado mzima, Mama mwenyewe alinisimulia. Sasa samaki wa namna hiyo atajua nini kuhusu maji mabaya? Na moto wangu hautoi makapi ya mkonge. Tumemuuliza mlevi kama pombe ni kali.

Sijamwambia Mama. Nataka nione kwanza.

Jumatano, 25 Oktoba
Mzee Mhina hana kinyongo, Mungu ambariki. Ameniletea perege wawili wazima kutoka kijito kinachoshuka milimani, ng'ambo ya reli. Na kibuyu cha maji ya huko.

Nimeweka mitungi miwili uani. Mmoja maji ya mto, wa pili maji ya kijito. Perege mmoja kila mtungi. Mama akauliza ninapika nini. Nikamwambia, kaa nami Mama, tuangalie.

Jua halijafika utosini, yule wa maji ya mto akapanda juu. Mdomo wazi, anatweta. Halafu akalala ubavu. Wa kijitoni anazunguka tu, anatafuna ukoko wa ugali. Na karibu na mlango, ndani ya maji yaleyale ya mto, Mzee ametulia na sharubu zake.

Mama aliangalia mtungi huu, akaangalia ule. Alimgusa perege aliyekufa kwa kidole. Kisha akasema polepole, "Kang'ata hakuna korona." Ni yeye anayemnywesha Raheli, kila siku, kwa mkono wake. Nilitaka kumshika nikashindwa. Niliogopa akiniona nalia atadhani namlaumu.

Alhamisi, 26 Oktoba
Nimeamka, mkeka wa Mama mtupu. Na kibuyu chake hakipo. Nikajua ameondoka, amerudi Handeni kwa hasira au kwa aibu. Raheli macho yamezama. Analia bila machozi. Danieli yuko shambani. Niko peke yangu na mtoto anayekauka mikononi.

Nilimwambia Mungu maneno makali. Siyaandiki.

Jua limeshapanda, Mama akaingia uani. Mtungi kichwani, kibuyu mkononi, matope mpaka magotini, goti lake bovu amelifunga kanga. Alikwenda mpaka kijitoni, peke yake, na miguu ile! Hakutua hata apumzike. Kabla hajajaza mtungi wa kunywa, akammiminia kidogo yule perege aliyebaki, akamwita kama anavyoita watu: "Onja, mwenzangu." Perege akaogelea. Ndipo akasema niwashe moto.

Tumepika uji mwepesi kama maji, chumvi kidogo. Kijiko kimoja, kisha kingine. Anatapika, tunaanza tena. Sijawahi kuogopa hivi. Sijawahi kumpenda Mama hivi pia.

Jumamosi, 28 Oktoba
Amekojoa! Amenikojolea mapajani, nguo yote imelowa. Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mama akapiga kigelegele kwa ajili ya mkojo. Mungu, asante kwa nguo hii chafu. Sitaifua leo.

Jumapili, 5 Novemba
Raheli anakaa mwenyewe. Amemvuta Danieli ndevu.

Danieli na wazee wawili walikwenda kumwona msimamizi wa shamba kuhusu mfereji. Danieli alichukua perege mmoja wa mtoni amwonyeshe mashavu. Msimamizi akaziba pua, akasema mto ni mkubwa, utajisafisha. Wakafukuzwa. Nina hasira. Lakini amerudi na mgongo mzima, bila kiboko, na ndiye baba wa mwanangu. Nashukuru kwanza, hasira nitaiendeleza kesho.

Wanawake wote wa hapa sasa wanakwenda kijitoni. Ni mbali na shingo zinauma. Tunaondoka pamoja alfajiri, kelele njia nzima. Jirani naye ameomba perege. Mtoto wake anapona.

Alhamisi, 9 Novemba
Leo tumemuaga Mzee. Nilidhani Mama atamkaanga. Amekataa kabisa. Anasema hakutudanganya, sisi ndio tuliomtoa kwenye kazi yake tukampa asiyoijua. Amembeba kwenye kibuyu kilekile mpaka kwenye dimbwi lenye matete, nyuma ya mashamba ya mahindi. Nikampa shikamoo ya mwisho. Mama akacheka, kisha akapangusa macho na pembe ya kanga.

Mtungi wa karibu na mlango sasa ni wa perege. Ameshika nafasi.

Jumanne, 21 Novemba
Perege wetu aliruka nje, paka wa jirani akashukuru kuliko sote. Mzee Mhina ameleta mwingine, jike, mkubwa, wa kijitoni. Danieli amesuka kifuniko cha ukindu.

Jumatano, 29 Novemba
Perege hali. Namrushia ukoko, unazama, hata hageuki. Taya limevimba. Amebana mdomo kama mtu mwenye siri.

Mama amefunika mtungi wa kunywa na kukataza mtu kugusa. Kama kijito nacho kimeharibika, tutakwenda wapi? Danieli amekifuata mpaka juu msituni. Hakuna mfereji, hakuna kitu, maji yanaonyesha mawe. Mama haamini. Mimi pia siamini. Tunamnywesha Raheli maji ya mvua tuliyokinga kwenye sufuria, naye analilia mtungi.

Jumapili, 3 Desemba
Asubuhi tulivu. Mvua imepita. Nilikuwa nimechutama na Raheli mbele ya mtungi, namtazama perege. Akafungua mdomo. Wakatoka watoto. Wadogo kuliko punje za mtama, wengi, wakatawanyika kama vumbi. Raheli akapiga kofi maji. Mara wote wakakimbilia kwa mama yao, akawameza, akafunga mdomo.

Nikamwita Mama. Akaja na goti lake, akainama. Tukangoja. Akawatoa tena.

"Kumbe alikuwa analea," Mama kasema.

Alikaa pale muda mrefu, mkono wake begani kwangu. Kisha akanyanyuka, akafunua mtungi wa kunywa, akachota kata moja. Akanywa yeye kwanza. Akanipa nikanywa. Kilichobaki akamshikia Raheli mdomoni, polepole, kwa mkono wake mwenyewe, na Raheli akanywa yote.