Wimbo Niliokwenda Nao Muleba

Jumapili, Kahororo. Mvua inanyesha tangu alfajiri na ziwa halionekani kabisa. Sikwenda kanisani. Nimemwambia Taata, baba yangu, kichwa kinaniuma.

Si kichwa.

Jana nilikwenda Muleba kumwona Mama.

Aliondoka hapa nikiwa darasa la tano. Yeye na Taata walishindwana, akarudi kwao, baadaye akaolewa na mwanamume mwenye shamba la kahawa na migomba huko Muleba. Sasa niko kidato cha tatu. Miaka yote hiyo tumekuwa watu wa simu tu: umekula, unasoma, haya baadaye. Mengine ambayo msichana huambiwa na mama yake, mimi nimeyatafuta kwenye nyimbo.

Rafiki yangu Adela ananicheka. Anasema nasikiliza nyimbo za mapenzi kama mtu aliyeachwa na mchumba. Sijawahi kumwambia kwamba mwimbaji akimlilia mpenzi wake, mimi namwona Mama.

Upo wimbo mmoja hasa. Nilipovunja ungo, hapa nyumbani hapakuwa na mwanamke wa kumwuliza kitu. Nilijifungia chumbani nikauimba mpaka nikapata usingizi. Kiitikio chake kinasema: "Usinifiche kama kosa, niite hata kwa kunong'ona."

Jana niliuimba moyoni njia nzima. Nilikuwa nimeamua kumwambia Mama kwamba nataka kuja kuishi naye.

Nilimkuta uani anamenya ndizi, watoto wa mume wake wamekaa karibu naye. Aliponiona alisimama ghafla. Kabla sijafungua mdomo, akawaambia wale watoto haraka haraka, "Huyu ni mtoto wa dada yangu wa Bukoba. Msalimieni dada yenu."

Mume wake akatoka ndani. Ni mtu mpole, hilo ndilo linaloniumiza zaidi. "Karibu sana, mwanangu," akasema. "Mama yako hajambo huko?"

Nikamtazama Mama. Yeye alikuwa anatazama kisu.

"Hajambo," nikajibu. Kisha nikamgeukia. "Shikamoo, mama mdogo."

Akaitikia.

Tulikula ndizi na maharage. Mtoto mdogo alikuwa anaita "Mama! Mama!" bila sababu yoyote, kama watoto wanavyofanya, na kila mara aliitikiwa. Mimi nilikula kama mgeni, nikashukuru kama mgeni.

Wakati wa kuondoka Mama alinisindikiza hadi barabarani. Alipohakikisha hakuna mtu, akanishika mkono.

"Koku," akaninong'oneza. "Mwana wange. Nilipoolewa sikumwambia kama nina mtoto. Nikimwambia leo atanifukuza. Nivumilie."

Lile nililokwenda kusema sikulisema. Ningelisemea wapi?

Kwenye gari nikavaa hedifoni, nikauweka wimbo wangu. Mwimbaji anaomba anong'onezwe tu, basi. Mimi nimenong'onezwa, tena na mama yangu mwenyewe, kwa jina langu. Haikutosha. Nikauzima kwa hasira, kana kwamba ni wimbo ulionidanganya.

Kabla ya kufika Kemondo nikauwasha tena. Mama mmoja aliyekaa kando yangu alikuwa ameanza kunigeukia, na nilijua atauliza kwa nini nalia. Mwenye hedifoni haulizwi. Nikageukia dirishani, nikausikiliza ukiisha na kuanza upya hadi Bukoba mjini.

Huo ndio msaada wake wote wa jana. Zamani maneno yale yalinipa tumaini. Sasa yamenipa mahali pa kulilia tu. Labda kwa umri wangu hilo si jambo dogo. Lakini nimechoka kufarijiwa na watu wasionijua.

Mchana huu Taata ameniletea chai kitandani. Si kawaida yake. Amekaa kidogo mlangoni, halafu akauliza, "Mama yako alifurahi kukuona?"

"Alifurahi."

"Vizuri. Likizo nitakukatia mkungu mzuri umpelekee, ukakae naye siku nyingi."

Nimesema asante. Nikimwambia ukweli atamchukia, na mimi sitaki mtu mwingine amchukie Mama. Natosha mimi.

Kesho kutakucha, hilo halinihitaji mimi. Lakini likizo ikifika, nikiwa nimesimama pale uani na mkungu wa Taata kichwani, nitapiga hodi kwa nani?