Wavu wa Dagaa Mlangoni

Mama yangu,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, ila mkono wangu haujui kuanza barua kwako bila hiyo.

Nimekaa kuandika mara tatu na mara tatu nimeinuka. Leo hapa Igoma niliwafundisha darasa la sita kutambua jambo ambalo mwandishi hajalisema, kwa kuangalia vitu anavyovieleza. Kifungu cha kitabuni kilinichosha, nikaandika cha kwangu ubaoni. Nilikuandika wewe.

Mama mmoja huanika dagaa juu ya mawe, mbali kidogo na nyumba, ambako jua linapiga vizuri. Safari hii wavu wake umetandazwa mlangoni, kivulini. Dagaa wamekauka upande mmoja tu. Pembeni kuna kigoda.

Unaikumbuka siku ile nyumbani Kamanga? Nilikukuta hivyo hivyo nikakutania, "Mama, siku hizi umekuwa bosi, unaanika ukiwa umekaa." Ukacheka. "Mawe yamekuwa mbali, mwanangu." Nikala, ukanifungia dagaa, nikawahi kivuko. Baada ya miezi miwili tulikuzika.

Na wewe ndiye uliyenifundisha kutazama. Ulikuwa unaangalia miguu ya mteja, unaninong'oneza kama amekuja kununua au kupiga soga, na hukukosea.

Neema, binti wa dawati la mbele, alinyoosha mkono hata sijauliza swali. "Mwalimu, huyo mama anaumwa. Hawezi tena kupanda kwenye mawe." Nikamwambia amepata. Hakukaa. "Sasa mwanawe hakuona?"

Nikawaambia wanakili kifungu, nikatoka nje nikasimama mpaka kengele ikalia. Nimejikasirikia, mama. Kazi yangu ni hiyo hiyo, na kwako nilishindwa.

Halafu kuna hili linalonikosesha utulivu. Jana baba alipiga simu. Anasema hajambo, amekula, mbuzi wako salama. Kitanda amekihamishia sebuleni karibu na mlango, eti kuna hewa. Nikamjibu, "Vizuri baba, joto limezidi," tukaagana. Baba huyu huyu ambaye hata ulipofariki alikataa kulala nje ya chumba chenu.

Nimeshamwomba mwalimu mkuu ruhusa, na begi liko tayari. Kesho napanda kivuko cha kwanza. Baba sijamwambia. Nataka nigonge mlango, halafu nisikilize anachukua muda gani kuufikia.

Nisamehe kwa ule utani wa bosi.

Ni mimi binti yako, uliyenifundisha kutazama miguu ya watu.