Niliwasha Mapema

Jabe, 18 Machi 2002

Dada Yasmina,

Pokea salamu zetu huko Ulaya kwenye baridi. Hapa tuko wazima. Mama ameacha kukohoa, na Houda, mutoto wangu, ameota jino la pili.

Kwa simu uliuliza habari ya ile ndege kubwa ya Ijumaa, ile ungekuja nayo ukaikosa. Ni kweli, ilipigwa risasi toka milimani ikitua usiku, na abiria mumoja akaumia mguu.

Kazi yangu unaijua. Taa za uwanja zinakaa zimezimwa mpaka rubani aseme yuko juu ya ziwa. Hapo nawasha, anatua, nazima haraka. Mapema apana, maana wenye bunduki wanaona.

Ijumaa niliwasha kabla rubani hajasema. Sikujua umebaki. Nilisikia mungurumo, nikasema moyoni: dada yangu anatafuta kwetu katika giza hili. Mukono ukaenda wenyewe.

Mukubwa wangu wa kazi anasema kosa ni la rubani, alichelewa kushuka taa zikiwaka. Mi nimenyamaza.

Mama anakungoja. Ukuje, dada. Lakini siku utakayopanda ndege, usiniambie.

Ndugu yako,
Djibril