Suruali ya Nyapara Lazaro na Jani la Isale

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Aminieli,

Shikamoo yako imenifikia ndani ya barua, marahaba. Na hii yangu ikufikie ukiwa umekaa, maana si barua ya kusomwa ukiwa umesimama kwa mguu ule. Kidonda kimefunga vizuri? Bado unalala umeuinua juu ya gunia kama nilivyokwambia? Na mama je, kifua chake kinaendeleaje na baridi ya huko? Sie hatujambo. Neema ametoka vipele vya joto mgongo mzima, tunamwogesha maji ya mwarobaini, na baba yake anakwenda ofisini kwa miguu tangu baiskeli ilipovunjika uma. Masika yameanza, mchanga wa Temeke umekuwa uji, na nguo za watu hazikauki. Ndizi za kupika tunazipata kwa kubahatisha, na tukizipata hazina ladha ya zile za kihambani, migombani kwetu. Hayo ndiyo ya kwangu. Sasa tuje kwenye suruali.

Umeandika kwamba Nyapara Lazaro amekurudisha kwenye orodha ya wapagazi, kwa kuwa msafara mkubwa wa Wazungu unapanda mlima mwezi ujao na watu hawatoshi. Lakini sharti lake ni lile lile, kila mpagazi anunue suruali ya mvua kwake. Unaniuliza ununue hiyo, au utafute nyingine unayoimudu na itakayodumu. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, kicheko kibaya, hata mume wangu akaacha kula akanitazama. Mtu amekupotezea vidole viwili vya mguu, na bado anakutaka uwe mteja wake!

Usidhani nimesahau hata kidogo. Nakumbuka kila neno la barua yako ya mwaka jana. Jinsi alivyowapanga mstari, akaikunjua suruali nyeusi inayong'aa, akamimina kikombe cha maji juu yake, na maji yakateleza yote chini, nanyi mkapiga makofi. Jinsi mvua ilivyowakuta juu ya msitu, na kabla hamjafika kibanda cha pili ile rangi ikaanza kumeguka magotini kama ganda la yai. Ukalala na maji mwilini, ukaamka huna habari na mguu. Kisha yeye akawaambia Wazungu kwamba ulikuwa umelewa, ukalala nje kwa ujinga wako, akakata jina lako. Wewe ambaye pombe huonji hata kwenye harusi. Mama aliambiwa hayo mbele ya watu, mlangoni pa kanisa. Vidole vyako vinaniuma, lakini hilo la mlangoni pa kanisa ndilo linalonichoma mpaka leo.

Ile suruali yako uliyompa Mwalimu aniletee alipokuja mjini, niliifumua yote. Ni marekani, Aminieli, marekani ile ile ya shuka la maiti, imepakwa gundi na masizi ya taa halafu ikapigwa nta juu. Kikombe kimoja cha maji itakihimili. Hata viwili. Lakini ukipiga goti, ukakaa juu ya jiwe, ukabeba mzigo mkanda unasugua kiuno, imekwisha. Niliiweka sandukuni, nikaapa kwamba mtu huyu nitampata. Mume wangu akasema niko mbali, nitampatia wapi. Nikamwambia dunia duara.

Basi sikiliza. Jumatatu ya wiki mbili zilizopita nilikuwa barazani na cherehani yangu, mtu akabisha hodi. Mnene kidogo, koti zuri, rundo la nguo begani. Akasema amefikia kwa watu wa kwao kule Kinondoni, nao wamemwelekeza kwa Mama Neema, mke wa karani Mluguru, fundi wa turubai. Akasema anaitwa Lazaro, nyapara wa wapagazi, anatoka mlimani. Ndiye yule yule! Yeye hakunijua. Nimeondoka Marangu miaka tisa, na hapa hakuna anayeniita jina la baba yetu. Nilimjibu kwa Kiswahili tu, Kichagga nikakimeza na mate. Nikampa kiti, nikampa maji ya kunywa. Mgeni ni mgeni.

Akafungua rundo. Zilikuwa suruali zile zile nyeusi, amezinunua mjini, akataka nizitie vifungo. Kisha akaomba na jambo lake mwenyewe. Anataka suruali moja ya turubai la jeshi, yale yaliyouzwa mnadani vita vilipokwisha, maana safari hii atapanda na wakubwa, hataki kulowa. Nikamwuliza, nikijifanya mjinga, kwani hizi za rundo zina kasoro gani.

Akacheka. Akasema, "Hizo ni za wapagazi, mama. Hii nishonee ya kuvaa mtu."

Aminieli, wakati huo nilikuwa nimepiga magoti mbele yake na futi, napima kutoka kiunoni hadi kifundoni, pini nimezibana midomoni. Ningeweza kumchoma. Badala yake nikaandika vipimo, nikamwuliza kama kazi ya mlimani haina hatari. Akanisimulia habari zako! Akasema kuna kijana mmoja mlevi alikatwa vidole mwaka jana, na watu wa namna hiyo ndio wanaoharibu sifa ya kazi. Aliyasema hayo huku ameinua mguu nimpime vizuri, vidole vyake vyote vitano vinanitazama.

Aliniachia rundo, akasema atarudi Jumamosi ya wiki ile. Nikamshonea suruali yake, na sikumshonea ovyo, maana mkono wangu haujui kushona ovyo hata kwa adui. Alhamisi ilikuwa imekamilika, imetundikwa, nami bado sijui nifanye nini. Wazo la kwanza lilikuwa kuifumua mshono wa makalio. Ndipo barua yako ikaja, ya kuuliza ununue suruali gani. Nilipoisoma sikuhitaji kufumua chochote.

Nilichukua suruali moja kutoka kwenye rundo lake. Nikaiongeza kiuno, nikaifupisha kwa vipimo vyake, nikaweka viraka magotini na makalioni vya marekani ile ile iliyopakwa masizi, nikaipaka nta ya mshumaa mpaka ikang'aa. Jumamosi akaja. Unajua aliijaribuje? Aliomba kikombe cha maji. Wallahi, mtu yule amewafanyia watu mchezo wa kikombe miaka mingi hata naye ameuamini! Akamimina, maji yakateleza, akatabasamu, akaniambia mie ni fundi hodari. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Akafunga rundo lake bila kulihesabu, akaenda zake.

Mimi si mwizi. Turubai alililipia na kazi aliilipia, kwa hiyo suruali yake ya haki ipo, na imo kwenye kifurushi hiki alichokuletea Mwalimu. Ni ile yenye kamba nyeupe kiunoni. Yenye kamba ya rangi ya khaki ni yako. Ya nyapara utaificha chini kabisa ya mzigo wako, usimwonyeshe mtu.

Kuhusu yako, hilo ndilo jibu la swali lako, na uwaambie na wenzako. Msitazame kung'aa. Kitambaa kizuri cha mvua hakipendezi macho, kimefifia kama kondoo aliyenyeshewa. Kikunje, kisugue kwa kidole gumba mahali pamoja mpaka uchoke, ndipo uweke maji, tena si kikombe. Fanyeni mfuko kwa kitambaa hicho, mjaze maji, mtundike asubuhi mpaka jioni. Chini pakiwa pakavu, nunueni. Yako niliijaribu hivyo hapa bombani, majirani wakanicheka kwamba nimeanza kuchota maji kwa suruali. Mishono nimeipiga mara mbili na kuisugua nta kwa pasi ya moto, kwa sababu maji huingia kwenye tundu la sindano kabla ya kuingia kwenye kitambaa. Magoti na makalio ni turubai mbili. Katikati ya mapaja nimetia kipande cha pembe nne, uinue mguu juu ya mawe bila kusikia ikipasuka. Chini ni pana, uivae bila kuvua viatu. Ikianza kuchoka, ipake mafuta ya kitani, iache upepo uikaushe, usiianike karibu na moto. Turubai ni mabaki tu ya mnadani, haligharimu sana, na utairithisha.

Haya, sasa fanya ninavyokuagiza. Mvua itawakuta pale pale juu ya msitu, haikosi. Usimwambie kitu. Mkifika kibanda cha pili, mwangalie. Atakuwa anatetemeka, masizi yanamtiririka mpaka kwenye viatu, na Wazungu wake wanamwona. Hapo, wapagazi wote wakiwapo, toa suruali yake uinyanyue. Mwambie aliyeishona ni dada yako, binti wa mama yule wa mlangoni pa kanisa. Mwambie aseme mwenyewe, kwa sauti, suruali ile aliyokuuzia ilikuwa ya nini, na kama ulikuwa umelewa.

Mfukoni mwa kulia mwa suruali hiyo ya nyapara nimetia jani la isale. Mwezi niliofika hapa nilipanda mche niliotoka nao nyumbani, kwenye pembe ya kiwanja, majirani wanadhani ni ua la mapambo. Mume wangu aliponiona nalichuma akaniuliza la nini. Nikamweleza kwamba kwetu anayeomba msamaha huleta isale, na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa, hata kama aliuawa nduguye. Akasema, basi unamtumia mwenzio na njia ya kutokea. Nikamwambia hapana, namwondolea kisingizio. Juu kule isale haioti, asije akasema angeomba lakini hakupata jani.

Mwonyeshe mfuko huo. Asipolitoa na kukupa kwa mkono wake, mwache alowe hadi arudi bondeni. Ila usimwache apande zaidi na nguo hizo, mwambie Mzungu amrudishe chini. Nataka aaibike, sitaki afe. Siku tatu za mwanzo, tangu aliponipa kazi ile, nilitaka hata afe, nakuambia kweli, kisha nikamfikiria mama akisikia.

Akikupa, basi mpe suruali avae. Na rundo lile lote alilowauzia wenzako liwe kuni za kuchemshia chai.

Msalimie mama, mpe shikamoo yangu ya kupiga magoti, na umwambie kanga yake nimeificha ndani ya suruali yako. Msalimie baba mdogo anayekuchungia mbuzi, na mkeo, namshukuru kwa kukuosha kidonda. Mchungaji naye msalimie. Najua ukimsomea barua hii atanihubiria msamaha, nami nitamsikiliza mvua ikishanyesha.

Wewe mdogo wangu, ukishapokea jani lile, msamehe kweli kweli, usimkumbushe tena maisha yako yote, ndiyo mila na ndivyo tulivyolelewa. Lakini mimi nipo Temeke, na mkononi mwangu hajatia jani. Njia ya kuja kwangu anaijua.

Ni mimi dada yako,
Elishilia, Mama Neema